Mume anataka Houston, dada yangu ananiita Columbus

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Silver Spring, Maryland, pembeni tu ya Washington, na tuko hapa kwa karibu miaka tisa. Makaratasi yetu yako sawa. Mume wangu anaendesha lori, lakini la mizigo ya karibu, si yale ya kuvuka majimbo. Mimi ni GNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku, na mchana nasoma unesi kwenye chuo cha kaunti. Hii ni semista ya kwanza, nikiimaliza nitabakiza tatu.

Shangazi, pango linatumaliza. Vyumba viwili, watu watano, dola 2,450 kwa mwezi, na Januari limepanda tena. Kijana wetu mkubwa ana miaka 15, yuko darasa la kumi, na analala sebuleni. Tukishalipa nyumba na bima ya gari, tukatuma kidogo Moshi kwa mama mkwe, hakuna kinachobaki.

Sasa mume wangu ana binamu yake Katy, nje ya Houston. Alitutumia video anatembea ndani ya nyumba yake mpya: vyumba vinne, gereji ya magari mawili, uwanja wa watoto kucheza. Anasema mkopo wake wa mwezi haufiki pango letu. Tangu siku hiyo nyumbani hapakaliki. Kila jioni mume wangu ananisomea orodha za miji bora ya kuishi Marekani, na kila mara anamalizia na Texas, kwa sababu haina kodi ya mapato. Anataka tuhame Juni shule zikifungwa.

Dada yangu yuko Columbus, Ohio. Anasema, "Njooni huku, nyumba ni nafuu, na mimi nipo." Mume anajibu kwamba hakutoka Moshi kuja kuzeekea kwenye theluji. Tumefika mahali tunaongea mambo ya watoto tu.

Siwezi kusema hapa tuna raha, ila metro iko karibu, na ghorofa ya chini kuna mama mmoja wa Tanga ambaye mtoto wetu wa miaka minne analala kwake. Mume anatoka saa tisa usiku kuwahi mzigo, mimi narudi saa mbili asubuhi. Mume anasema mtu hawezi kupanga maisha kwa ajili ya jirani. Pia ana presha, na dawa anazipata kwa bima ya jimbo.

Naogopa kuonekana mke anayezuia maendeleo ya familia. Nisaidie Shangazi, mji upi hasa unatufaa?

Mama wa Watatu, Silver Spring

*

Marahaba mwanangu.

Jambo kubwa kuliko yote katika barua yako umelipitia haraka, tena ukielekea mwisho. Ni yule mama wa Tanga. Kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi baba yuko barabarani, mama yuko kwenye korido ya wazee, kijana mkubwa ana basi la shule la kuwahi, na mtoto wa miaka minne amelala salama kwa mtu anayemwita mjukuu. Saa hizo tano ndizo zinazobeba nyumba yenu. Zikikosa mtu, mmoja wenu anaacha kazi au wewe unaacha shule, na nyumba ya vyumba vinne haitaponya hilo. Dei kea nyingi za Marekani hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi au baadaye. Zinazopokea watoto saa tisa usiku ni chache mno, na hata za mchana zinaweza kudai zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Kwa hiyo mume wako akisema mtu hapangi maisha kwa ajili ya jirani, mjibu kwa upole kwamba nyinyi mnapanga maisha kwa ajili ya saa tisa usiku. Kila mji utakaotajwa, swali la kwanza liwe hilo: saa hizo, nani yupo?

Zile orodha anazokusomea jioni aziweke kando. Chukua ya jarida la U.S. News peke yake. Mwaka 2023 mji wa kwanza ulikuwa Green Bay, Wisconsin. Mwaka 2024 ukawa Naperville, Illinois. Mwaka 2025 ukawa Johns Creek, Georgia. Green Bay haikuharibika ndani ya miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni vipimo na uzito ambao waandaaji walivipa, na vipimo hivyo vimekusudiwa msomaji wa wastani. Msomaji wa wastani hana mke wa shifti ya usiku, hana mama wa kumtumia hela Moshi, wala leseni ya unesi iliyo njiani.

Sasa tuje Katy, maana hapo ndipo moyo wa mume wako ulipo, na hatakusikiliza ukiibeza. Houston ni mji wa kazi kwelikweli. Ina bandari kubwa, kwa hiyo dereva wa lori hakosi mzigo. Ina Texas Medical Center, mkusanyiko mkubwa wa hospitali kuliko wote duniani, kwa hiyo muuguzi mwenye leseni hakosi pa kuingia. Watanzania wako wengi na wanazikana. Vyumba vinne pale si ndoto, watu wetu wa maboksi wamevinunua. Nisingemwambia mtu kwamba Houston ni mbaya.

Ila ile video haikuonyesha bahasha za bili. Ni kweli Texas haitozi kodi ya mapato, lakini jimbo na wilaya zake zinaendeshwa kwa fedha vilevile, na sehemu kubwa inatoka kwenye kodi ya majengo, ambayo ni miongoni mwa za juu nchini. Kwenye mitaa mipya ya Katy na Cypress juu yake kuna kodi ya wilaya ya maji, wenyewe wanaiita MUD, ya kulipia mabomba na mitaro ya mtaa uliojengwa juzi. Ukijumlisha yote unakuta kiwango kinafika asilimia 2.5 ya thamani ya nyumba, mahali pengine kinazidi. Nyumba ya dola 340,000 kwa kiwango hicho ni dola 8,500 kwa mwaka. Kuna punguzo kwa anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, na mwaka 2025 wapigakura waliliongeza kwa upande wa kodi ya shule hadi dola 140,000 za thamani. Hata hivyo bado mnaweza kubaki mnadaiwa kodi ya dola 600 hivi kila mwezi, na hizo haziishi mkopo ukiisha.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa nyumba mpya huligundua wamechelewa. Thamani ya kodi hupimwa kwa hali ilivyokuwa Januari 1. Kama siku hiyo nyumba yenu ilikuwa kiwanja na msingi tu, mwaka wa kwanza mnatozwa kodi ya kiwanja. Benki hukusanya kodi na bima pamoja na mkopo, kwa hiyo malipo ya mwezi yanaonekana madogo, na hapo ndipo mtu anapiga video. Mwaka unaofuata nyumba nzima inahesabiwa. Mama mmoja wa huko alinionyesha barua ya benki yake mezani, kahawa ikipoa: malipo ya mwezi yameongezeka kwa zaidi ya dola 400, kwa sababu anadaiwa pengo la mwaka uliopita na wakati huohuo anaanza kiwango kipya. Alikuwa ameshanunua kochi kwa mkopo. Simwambii mume wako kwamba binamu yake anadanganya. Namwambia amuulize, kwa heshima, nyumba ina miaka mingapi, na amwombe aone bili ya kodi ya mwaka jana, ya bima ya nyumba, ya umeme wa Agosti na ya barabara za kulipia. Ndugu wa kweli atazipiga picha jioni hiyohiyo.

Na muulizieni maji. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilimwaga mvua iliyopita milimita 1,000 katika sehemu za eneo la Houston. Upande wa magharibi, Katy ikiwemo, maelfu ya nyumba zilizojengwa nyuma ya mabwawa ya Addicks na Barker ziliingiliwa na maji, na wengi wa wenye nyumba hawakuwa na bima ya mafuriko kwa sababu hawakujua kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Hiyo ni bima ya pembeni, na ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuilipia, kwa hiyo huwezi kuikimbilia wingu likishatanda. Tangu 2019 sheria ya Texas inamtaka muuzaji aeleze kama nyumba iliwahi kufurika. Usomeni ukurasa huo kabla ya kupima ukubwa wa jiko. Julai 2024 kikaja Beryl, wateja zaidi ya milioni mbili wakakosa umeme, wengine kwa zaidi ya wiki, katika joto la Houston ambalo ni kama la Dar mwezi wa Februari, tofauti ikiwa nyumba za huko hazikujengwa kwa kufungua madirisha.

Halafu gari. Silver Spring mmejibana na moja kwa sababu ya metro. Katy mtahitaji mawili tangu siku ya kwanza, na bima mbili, na kijana wenu mwakani atataka la tatu.

Suala la dawa za presha usiliache liwe dogo. Maryland ilipanua Medicaid, ndiyo hiyo bima ya jimbo ya wenye kipato kidogo, mwaka 2014, na Ohio pia mwaka huohuo. Texas haijapanua. Maana yake ni kwamba mtu mzima mwenye kipato kama chenu, anayepata bima ya jimbo Maryland, akivuka kwenda Texas kwa kawaida haipati. Atabaki kutegemea bima ya mwajiri, au kununua mwenyewe. Kwa hiyo mume wako asitoke Maryland bila barua ya kazi yenye bima, iliyoandika tarehe ya bima kuanza, kwa sababu waajiri wengi humsubirisha mtu mpya wiki kadhaa. Presha haisubiri.

Sasa wewe. Hapa nakuomba unisikilize kama mwanangu wa kumzaa. Usihame jimbo katikati ya masomo ya unesi. Masomo ya jumla, Kiingereza na baiolojia na hesabu, vyuo vingine vinaweza kuyapokea. Masomo yenyewe ya unesi, yale yenye mazoezi wodini, vyuo vingi havitaki kuyapokea kutoka chuo kingine, na unaweza kuanzishwa mwanzo. Juu ya hilo, Texas na Ohio zote zinataka kwa kawaida miezi 12 ya ukaazi kabla hujalipa ada ya mwenyeji, kwa hiyo mwaka mzima ungelipa ada ya mgeni au ungekaa bila kusoma. Hata hiyo GNA uliyonayo ni cheo cha Maryland. Ukihama unaomba kuingizwa kwenye rejista ya wasaidizi wauguzi ya jimbo jingine.

Ukimaliza, mambo yanageuka kabisa. Maryland, Texas na Ohio zote zimo katika mkataba wa leseni za wauguzi. Ukifaulu mtihani na kupata leseni ya Maryland ya majimbo mengi, unaweza kuanza kazi Houston au Columbus nayo, na ukishafanya makazi huko una siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya. Kwa mshahara wa muuguzi unaweza kuchagua shifti ya mchana, na saa tisa usiku ikikoma kuwa swali la nyumba yenu, ramani nzima ya Marekani inafunguka.

Angalia pia kalenda. Ukibakiza semista tatu baada ya hii, unamaliza Desemba ya mwakani. Kijana wenu atakuwa darasa la kumi na mbili, na Juni inayofuata anahitimu. Mkimhamisha Juni hii anaingia darasa la kumi na moja katika shule asiyoijua, katika jimbo lenye mitihani yake ya mwisho wa somo. Wako wanaoweza. Lakini huyu tayari analala sebuleni, asiongezewe na hilo.

Dada yako wa Columbus nampenda bila kumjua, na kama ningelazimishwa kuchagua kati ya miji hiyo miwili kwa hali mliyo nayo leo, ningechagua kwake. Columbus ina kodi zake: jimbo kuanzia 2026 linatoza asilimia 2.75, na jiji lenyewe linatoza asilimia 2.5 ya mshahara. Treni ya abiria haina, ya mwisho iliondoka 1979. Nyumba zimepanda bei, ila pango bado liko chini ya lenu kwa kiasi kikubwa. Wasomali wamejaa, kwa hiyo ukifika upande wa Morse Road na Cleveland Avenue nyama ya mbuzi huitafuti kwa tochi. Baridi ipo, na mume wako ameshaivumilia ya Maryland, hiyo imezidi kidogo.

Lakini mpigie dada yako leo umuulize "na mimi nipo" ina maana gani. Anakaa dakika ngapi kutoka mtakapopata nyumba? Je, yeye naye hafanyi kazi usiku? Atamchukua mtoto saa tisa, siku ngapi kwa wiki, kwa miezi mingapi? Ndugu wengi wanapokuita wanamaanisha watakupokea uwanja wa ndege na kukupikia pilau Jumapili. Hilo ni jema, lakini siyo unalolihitaji. Usione haya kumuuliza wazi. Udugu unaovunjika Marekani huvunjikia hapa, mmoja anadhani ameahidiwa, mwingine hajui kama aliahidi.

Nisipokupa njia nyingine mume wako atasema Shangazi naye amekula njama na mkewe. Kwa hiyo mwulize mzigo wake anauchukulia wapi. Maghala mengi ya ukanda huu yako kwenye barabara ya I-95 kati ya Washington na Baltimore: Laurel, Jessup, Elkridge, mpaka bandarini Baltimore. Jessup ndipo lilipo soko la jumla la matunda na mboga, na la samaki. Kama anaondoka saa tisa kwa sababu ya umbali, basi mkihamia upande huo huenda akaondoka saa kumi na moja. Mkifika kaunti ya Baltimore au Glen Burnie, pango linapungua na chumba cha tatu kinapatikana, mkiwa bado Maryland, na bima yake ya jimbo mnaendelea nayo. Ada yako itapanda, tena si kidogo, kwa kuwa hutakuwa mkaazi wa kaunti ya chuo, ila haifiki ada ya mtu wa jimbo jingine. Piga hesabu hiyo kwa makini kwa sababu ni wewe utakayeendesha gari kwenda darasani. Mkifikiria kununua, kuna mpango wa jimbo wa mikopo ya nyumba unaowasaidia wanunuzi wa mara ya kwanza hata malipo ya mwanzo. Na msichanganye jiji la Baltimore na kaunti ya Baltimore. Ni serikali mbili, na kodi ya majengo ya jiji ni karibu mara mbili ya ile ya kaunti.

Frederick watu watawasifia, ni pazuri, na treni ya MARC inatoka huko kupita Silver Spring. Lakini treni ile ni ya wafanyakazi wa ofisi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mtu wa usiku haimsaidii.

Na mama wa Tanga? Mkienda upande huo mnamwacha, ndiyo. Kwa hiyo msisaini popote kabla hamjapata mtu wa asubuhi kule, na yeye mwambieni mapema, mumshukuru kama mzazi. Anaweza hata kuwa na mtu anayemjua. Wanawake wa aina yake wanajuana mpaka Baltimore.

Kuhusu mumeo, usimwambie hapana. Mwanamume aliyemlaza kijana wake sebuleni ana aibu ambayo hawezi kuitaja, na video ya binamu imeigusa palepale. Mwambie unakubali nyumba na uko tayari hata kwa Texas, ila baada ya leseni, kijana akihitimu. Muwekeane mwezi, muuandike. Kisha mwambie aende Katy wiki moja, si sikukuu ya Krismasi wakati kila mtu ana furaha, aende Agosti. Alale kwa binamu yake, aamke saa tisa usiku aendeshe mpaka bandarini na kurudi, apite mitaa iliyofurika 2017 aongee na wenyeji. Wewe nenda kwa dada yako Februari. Mkirudi kaeni na karatasi zenu wawili tu, watoto wakiwa wamelala, simu za ndugu zikiwa zimezimwa.

Kuonekana unazuia maendeleo usikuogope. Semista tatu zako ndizo zitakazomfikisha mume wako kwenye hiyo gereji anayoiota, iwe Katy au Glen Burnie. Mwonyeshe barua hii ukipenda. Sijaandika neno humu ambalo sitaki alisome.

Ukishazungumza na dada yako niandikie alichojibu kuhusu saa tisa usiku.